Kiota Kilichokataa Kunyauka

Kwenye lango la Mghamba wageni huchanwa nywele kabla ya kuingia msituni. Huchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kama kile cha kutolea watoto chawa, na kila kinachodondoka hutiwa kwenye bakuli la maji ya moto. Asubuhi ile Nakijwa Mrindoko alimchana Mama Aikande, akapata mbegu ya nyasi na kipande cha uzi. Kwa mume wa mama huyo, Mzee Lyatuu, kichwani hakukuwa na cha kuchana, lakini ndani ya pindo la suruali yake ilipatikana punje ya harage.

“Hii ya nini, baba?” Nakijwa aliuliza.

“Ya akiba. Mchagga hatoki nyumbani mikono mitupu.”

“Basi iage. Humu haiingii.”

“Mtaipeleka mahakamani? Nawajua Wapare. Mtu anauza ng’ombe ili ashinde kesi ya kuku.”

“Na nyie mngemuuza huyo kuku kwa hakimu kabla kesi haijaanza,” alisema Nakijwa, akaitumbukiza punje kwenye maji ya moto. Mama Aikande akacheka hadi akashika kiuno.

Walikuwa watu wa Marangu. Mzee Lyatuu alikuwa na bucha yake mpaka magoti yalipokataa kusimama kutwa, na mkewe alishona sare za shule. Waliandikisha majina yao katika bahati nasibu ya msitu wakati kitinda mimba wao yuko shule ya msingi, na majina yakatoka huyo kitinda mimba akiwa tayari analea wa kwake. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku hizo. Dunia ilikwisha kukubaliana kwamba misitu iliyobaki iachwe ipumue, watu wakateremshwa kutoka milimani, na aliyetaka kulala chini ya miti ya kweli alipewa usiku mmoja tu katika maisha yake, kama bahati ikimwangukia.

Watu wa Mghamba peke yao walibakiziwa ruhusa ya kuingia na kutoka, wawe viongozi wa wageni, kwa sababu mpungi wao ulikuwa humo ndani. Mpungi ni kichaka cha ukoo, kinakofanyiwa matambiko. Mama yake Nakijwa aliufagia mpungi huo kila mwaka, na alipokufa ufagio ukawa wa Nakijwa. Baada ya mavuno yajayo ungekuwa wa binti yake, Namcha, pamoja na ushanga wa shingoni.

Ushanga huo ulikuwa mweusi, mkubwa kama punje ya mbaazi. Kiongozi akiubonyeza mara mbili ulisikia, na maneno yake yalifika Baraza la Misitu papo hapo. Nakijwa alikuwa hajawahi kuubonyeza. Sheria ya msitu ilikuwa moja, na nyingine zote ni watoto wake: kilichoingia na mtu kitoke na mtu, au kife.

*

Walifika kambini jua likiwa bado juu ya miti. Kambi yenyewe ni jina tu, maana hapakuwa na kitu isipokuwa uwazi mdogo kando ya kijito, majani makavu, na jiwe moja refu la kukalia. Nakijwa akawatua wageni mizigo, akawapa maji, kisha akatoa tunguu mfukoni.

Tunguu ni kama kitunguu maji kikubwa, la zambarau, na ukilishika lina joto kidogo kama yai alilotoka kulalia kuku. Alichimba kwa vidole, kina cha kifundo cha mkono, akalitia, akapasua kifuko cha maji ya kuamsha na kuyamimina juu yake. Kisha akarudi nyuma, akamvuta Mzee Lyatuu kwa mkono wa shati.

“Simama hapa, baba. Mbavu zikitoka hazibishi hodi.”

Mbavu zilitoka. Zilipasua udongo zikiwa zimejikunja kama vichipukizi vya mgomba, zikajinyoosha, zikainama kukutana juu, na katikati yake ngozi ya kijani hafifu ikatandazika yenyewe. Kabla chai ya nyumbani haijachemka, pale palikuwa na chumba cha watu wawili chenye sakafu laini kama godoro la sufi. Pembeni mwa chumba kilibonyea kishimo.

“Kishimo hicho ni cha haja ndogo,” alisema Nakijwa. “Kiota kinakula hiyo, na jasho, na makombo ya chakula. Ndiyo riziki yake.”

“Nyumba inakunywa mkojo wangu na kushukuru,” alisema Mzee Lyatuu. “Mke wangu, umesikia? Kuna mahali nathaminiwa.”

Mama Aikande alikuwa ameshika ukuta kwa viganja viwili, kama anayepima kitambaa. “Kinapumua.”

“Kinapumua, mama. Na mtalaza vichwa upande huu, ndipo moyo wa tunguu ulipo. Kinapenda joto la pumzi ya mtu. Asubuhi nitakitilia dawa ya kulaza, na jua likifika utosini mtakuta udongo mweusi tu.”

“Kinaishi usiku mmoja?”

“Kama ruhusa yenu,” alisema Nakijwa.

Wakala viporo vyao vya ndizi, maana moto haukuruhusiwa. Jua likawa linatua, baridi ya mlimani ikaanza kupenya sweta, na kima wakanyamaza mmoja mmoja. Mama Aikande alikuwa amekwenda kijitoni kunawa mikono. Aliporudi alisema, bila kushangaa sana, “Kumbe tuna majirani.”

“Majirani gani?”

“Kuna kiota kingine kule nyuma ya ule mti wenye mizizi mirefu. Nimekiona kinapumua.”

Nakijwa alimtazama. Katika msitu ule haliingii kundi la pili mpaka la kwanza litoke.

*

Kilikuwa kiota kweli, lakini hakikuwa kijani hafifu. Kilikuwa na rangi ya gome la mti, na mbavu zake zilikuwa zimeota ukoga na vijikuvu vya njano. Hema la usiku mmoja lilikuwa limezeeka.

Walipokaribia, midomo ya mlango iliyokuwa imefumba ikafumbuka, na hewa ya joto yenye harufu ya zizi ikawapiga usoni. Ndani alikuwa amelala funo, yule swala mdogo mwekundu wa vichakani, na ubavuni kwake mtoto wake. Mama funo akasimama. Hakuruka, hakupiga kwato. Akatoka mlangoni kama mtu anayetoka kwake kupokea wageni, akamwendea Mzee Lyatuu, akaweka pua yake yenye unyevu ndani ya kiganja cha mzee. Mtoto akamfuata.

“Mama Namcha,” mzee alisema taratibu, bila kuutoa mkono, “huyu ni wa kufugwa?”

“Hapana, baba. Huyu ukikohoa ng’ambo ya bonde anakimbia.”

“Mbona hakimbii?”

Macho ya Nakijwa yalikuwa chini. Mbele ya mlango udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu kama ua wa nyumba, na juu yake kulikuwa na kwato kavu, kipande cha taya, na manyoya mekundu yaliyogandamana. Kando kidogo kulikuwa na nyayo pana za mviringo zisizo na alama ya kucha. Nyingine zilikuwa za zamani, na mvua ilizilainisha kingo. Nyingine zilikuwa mpya.

“Chui,” alisema.

Mzee Lyatuu akainama, magoti yakamlilia, akazitazama nyayo zile zinavyokuja moja kwa moja na kuondoka moja kwa moja. Alijua njia za wateja. “Huyu hawindi,” alisema. “Huyu anakuja buchani, kama watu wangu wa Jumamosi.”

Nakijwa akazunguka nyuma ya kiota, upande wa kichwa. Hapo alijikuta amechuchumaa bila kupanga. Moyo wa tunguu, ambao ulipaswa kuwa udongo mweusi tangu kiangazi kilichopita, ulikuwa umevimba na kuzungukwa na vitunguu vidogo vilivyobanana kama punje za kitunguu saumu. Viwili vilikuwa vimeanza kutoa ncha.

Alipajua mahali pale. Kiangazi kilichopita alilaza hapo dada wawili wa Singida, mmoja akikoroma na mwenzake akimpiga teke. Asubuhi alikitilia kiota dawa, akakunja mizigo. Kisha alifanya alichofundishwa na mama yake, naye alifundishwa na mama yake. Ukiondoka mahali ulipolala msituni, unamimina kwenye kiganja maji yaliyobaki katika kibuyu chako, unayamwaga pale palipokuwa kichwa. Unapaaga. Usipopaaga, mahali hapo patakufuata nyumbani, na hutalala vizuri tena katika kitanda chako.

Wataalamu walioleta viota waliwafundisha viongozi kwamba kiota kikishatiwa dawa kisiguswe na maji mpaka kimegeuka udongo. Nakijwa alikuwepo darasani, akaitikia na wenzake. Aliyaelewa kuwa ni maji ya kufulia, maji ya ndoo. Hakuna aliyefikiria kiganja kimoja cha kuagia, kama vile mtu akikatazwa kula kabla ya kupimwa damu hadhani amekatazwa kumeza mate.

*

Walirudi kwenye kiota chao, wakaketi mlangoni miguu imefunikwa kanga moja. Nakijwa aliwaeleza yote, kwa sauti ile ile aliyowaelezea kishimo cha haja ndogo.

“Ukiubonyeza huo ushanga inakuwaje?” aliuliza Mama Aikande.

“Vinakuja vipanga. Ni mashine za kuruka, ndogo, zinanusa kiota popote kilipo na kukichoma. Halafu lango linafungwa.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka wanyama waanze tena kukimbia harufu ya mtu. Hao waliozoea joto wafe, na watoto wao wasahau. Sitauona mwisho wake. Namcha naye pengine hatauona.”

“Na mpungi wenu?”

“Utaota majani.”

Mama Aikande akavuta kanga upande wake, mumewe akaivuta upande wake. “Sasa mimi nauliza kijinga,” alisema. “Nani anajua? Tunajua sisi watatu na huyo paa, na paa hasemi. Baba Aikande ana kisu cha matunda. Aking’oe hicho kitu, tukizike, tulale, kesho tushuke tukaseme msitu ulikuwa mzuri.”

“Usinipe kazi, mke wangu,” alisema Mzee Lyatuu. “Nimechinja tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuchinja kitu kilichotoka nje kunilaki.”

“Si nimesema kiota, sikusema mnyama.”

“Na mimi nakisema hicho hicho kiota. Umekiona kilivyofungua mlango?”

Nakijwa akatikisa kichwa. “Kingekuwa kimoja, mama, ningeking’oa kwa meno. Lakini nimemwaga maji kila mahali nilipolala. Na siyo mimi tu. Nani Mghamba asiyemwaga? Shemeji yangu anamwaga, mzee Kiangi anamwaga, wote tunamwaga. Vimeota vingapi, na viko wapi? Msitu huu nautembea kwa njia zangu, na kila mtu ana zake. Hatuwezi kuvitafuta bila kusema.”

Kiota nyuma yao kilivuta pumzi na kuishusha.

“Lakini kuna ubaya gani?” Mama Aikande alisema, safari hii polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. “Huku ni baridi. Yule mama ana mtoto. Kajipatia mahali pa joto. Mimi nimeshona masweta ya watoto wa watu maisha yangu yote, mama Namcha. Joto si dhambi.”

Neno hilo lilimpata Nakijwa mahali pabaya, kwa sababu ndilo alilokuwa analifikiria tangu alipoiona pua ile kwenye kiganja cha mzee. Aliona uzuri wake. Angeweza kuishi na uzuri huo. Angempa Namcha ushanga baada ya mavuno, angemwonyesha funo asiyekimbia, na Namcha angecheka kama alivyocheka alipokuwa mtoto.

“Joto si dhambi,” alisema mwishowe. “Lakini ule mlango siyo wao wanaoufunga. Kiota kinamfungulia kila mwenye joto, mama. Na chui ana joto.”

Mzee Lyatuu akaguna. Mama Aikande akatazama kule gizani kulikokuwa na mti wenye mizizi mirefu.

“Na binti yako?” aliuliza. “Ukisema, atavaa nini shingoni?”

“Atavaa mkufu, kama mabinti wengine.”

“Atakuchukia.”

“Atanuna. Kununa kwetu ni kwa muda mrefu, sisi tunakata rufaa,” alisema Nakijwa, na mzee akacheka kidogo puani. Wageni wakaingia wakalala, vichwa upande wa moyo, na Nakijwa akalala mlangoni kwa nje, amejifunika gunia lake, akiusikia ukuta ukimgusa mgongo na kuachia.

*

Kulipopambazuka alikusanya mawe kijitoni, ya ukubwa wa limau, akayatia kwenye upande wa kanga. Vipanga havichagui. Kilichomo ndani ya kiota kinaungua na kiota.

Mzee Lyatuu alimfuata. “Nipe mimi.”

“Hapana, baba. Wewe leo unashuka, hutarudi. Harufu inayotakiwa waiogope ni ya kwetu sisi.”

Mama funo alitoka alipowasikia, amechangamka, mtoto nyuma yake akinyoosha miguu. Nakijwa akarusha jiwe, likaanguka mbele ya kwato. Funo akalinusa. Akarusha jingine, likapita juu ya mgongo. Funo akarudi nyuma kidogo, kisha akaja tena, masikio mbele, akidhani ni namna ya kuitwa. Ndipo Nakijwa alipolenga. Jiwe lilimpata kwenye paja na kutoa mlio mfupi kama wa kugonga meza. Mnyama akaruka, akasimama, akamtazama.

Miaka yote Nakijwa alikuwa hajawahi kupaza sauti ndani ya msitu ule. Hata chafya aliizuia kwa kanga. Sasa alifungua mdomo akapiga kelele, kelele mbaya, ya mtu anayefukuza nyani shambani, akakanyaga chini, akarusha mawe mawili kwa pamoja. La mwisho lilimpata mtoto kwenye bega. Mtoto akalia, sauti nyembamba, na kilio kile ndicho kilichomaliza kazi, maana mama yake aligeuka akaingia vichakani, na mtoto akachechemea nyuma yake kwa kasi. Majani yakatikisika, yakatulia.

Mama Aikande, aliyekuwa amesimama mbali akiwa amejifunga kanga kifuani, alijifuta uso kwa upindo wake.

Nakijwa alibaki mbele ya kiota akihema, jasho linamtiririka shingoni. Midomo ya mlango ikatikisika, ikamfungukia yeye. Ndani sakafu ilikuwa imebonyea mahali wale wawili walipolala, na joto lao lilikuwa bado lipo. Kisha akashika ushanga, akaubonyeza, akaubonyeza tena.

“Sema,” ilisema sauti ya mwanamke, ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeshika kikombe mkono wa pili.

Akasema jina lake, mahali, na alichokikuta.

“Chanzo?”

“Maji.”

“Maji gani? Kiangazi hakijawa na mvua.”

“Maji ya kuagia. Yangu, na ya kijiji kizima. Angalieni kila mahali tulipowahi kulaza mtu, upande wa kichwa.”

Aliposema tena, mwanamke yule alikuwa ameweka kikombe chini. “Unaelewa kinachofuata, mama?”

“Naelewa.”

“Shukeni langoni. Msiguse kitu.”

Walikunja mizigo. Nakijwa alikitilia dawa kiota cha wageni, kwa uangalifu, matone yote, ingawa vipanga vingekuja kukichoma vyovyote vile. Mbavu zikalegea, ngozi ikasinyaa na kuchukua rangi ya chai. Mama Aikande aliweka kiganja ukutani mpaka mwisho, halafu akakiondoa.

Kibuyu cha Nakijwa kilikuwa na maji kidogo. Alikifungua, na mkono wake, bila kuulizwa, ukawa tayari umetengeneza kiganja, umeshainama kuelekea upande wa kichwa. Mzee Lyatuu alimwona. Alisimama kama watu wanavyosimama kaburini, mikono mbele.

Nakijwa akaukunjua mkono, akaufuta kwenye kanga. Akakiinua kibuyu akayanywa maji yale yote, na tone la mwisho akalisubiri mpaka likadondoka ulimini.

Kisha wakaanza kushuka, yeye nyuma ya wageni wake kama kazi inavyotaka. Kwenye kona ya kwanza alihisi joto kisogoni, la polepole, la kuvuta na kuachia. Hakugeuka. Kona ya pili likawa bado lipo, na langoni, walipokuwa wanachanwa nywele kwa mara ya mwisho, lilikuwa limesimama nyuma yake likimngoja waende nyumbani.